Nsya Kwenye Mstari wa Mpaka

Vijana wangu wa ofisi ya ardhi, juzi mlipokuja kutafuta jiwe la mpaka kati yangu na jirani, mlikuwa wawili tu na kile kifimbo chenu cha kupimia chenye kofia nyeupe juu. Chai niliyowawekea jikoni ilikuwa haijachemka mkasema mmemaliza. Yule mrefu akaniuliza, "Babu, enzi zenu mlikuwa mnapima kwa kutumia nini?" Nikamjibu, "Magoti." Mkacheka, mkaaga, mkaondoka. Sasa mimi sikuwa natania, na kwa kuwa hamkukaa hata mkanywa chai, nimeona niwaeleze kwa kalamu.

Nilikuwa mshika mnyororo. Mnyororo wenyewe ulikuwa wa chuma, pingili mia moja, urefu wake futi sitini na sita, na kila jioni tuliupaka mafuta usishike kutu. Mpimaji alisimama nyuma na darubini yake juu ya miguu mitatu, akipunga mkono, kushoto kidogo, kulia kidogo, hapo hapo. Mbele walikwenda wafyekaji kufungua mstari. Nyuma ya wafyekaji nikaja mimi na mwenzangu, tukivuta mnyororo na kupiga vigingi. Mstari ukipita kwenye nyasi, unatembea. Ukipita kwenye kinamasi, unaomba Mungu. Ukipita kwenye kichaka cha miiba ambacho panga halijakifikia, na mpimaji anataka kujua upande wa pili kuna nini, unashuka kwa magoti na kufuata njia ya mnyama. Na mnyama huyo, mara nyingi, alikuwa nsya.

Wengi wenu hamjamwona. Ni paa mdogo, ukimsimamisha kando yako mgongo wake unafika juu kidogo ya goti. Rangi yake ni ya majani makavu. Ana mstari mweusi kutoka kwenye paji la uso mpaka puani, kama mtu aliyechorewa na kaa la moto, na katikati ya masikio ana kishungi cha nywele kilichosimama. Dume ana pembe mbili fupi zilizonyooka kama misumari mirefu. Jike kwa kawaida hana. Sisi watu wa huku tulimwita paa tu tulipokuwa tukizungumza Kiswahili, na nyumbani tulimwita kwa Kigusii. Jina la nsya alituletea mpimaji wetu, Bwana Mwakio, mtu wa Taita, ambaye alikuwa mkali kwa vigingi na kwa maneno pia. "Paa ni wengi," alisema. "Huyu ana jina lake. Mtu akikuita 'mtu', utaitika?"

Ilikuwa ile miaka baada ya uhuru, mashamba ya wazungu huku Nyansiongo yalipokuwa yakikatwa vipande ili watu wagawiwe. Leo mkipita hapo mnaona mahindi, ng'ombe wa maziwa na chai mpaka macho yanachoka. Wakati ule, kando ya kila mto na kila bonde palikuwa na vichaka ambavyo mzungu hakuwahi kuvigusa kwa sababu havikumsumbua. Sisi ndio tuliotumwa kuvipasua.

Wiki yangu ya kwanza nilijiaibisha. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimeoa, najiona mwanamume kamili. Tulikuwa tunavuta mnyororo kwenye majani yaliyofika kiunoni, nami niko mbele. Nikainua mguu ili nikanyage, na pale pale chini ya kiatu changu ardhi ikalipuka. Kitu kikaruka, kikagonga goti langu, kikapotea. Nilipiga kelele, "Chui!" nikautupa mnyororo wa serikali kwenye matope, nikapanda juu ya kichuguu. Kichuguu chenyewe hakifiki hata kifuani.

Wafyekaji walikaa chini kwa kicheko. Mmoja wao, aliyeitwa Nyabuto, alikuja mpaka kwenye kichuguu changu akasimama akinitazama kama mtu anayetazama kuku juu ya paa.

"Makori," akaniambia, "chui wako amekwenda vipi?"

"Amekimbia kule."

"Moja kwa moja?"

Nikafikiri. Hakwenda moja kwa moja. Aliinamisha kichwa, akakata kushoto, akakata kulia, akaingia kwenye majani kama mtu anayejitupa mtoni kichwa mbele. Na kabla hajapotea kabisa alisimama, akageuza shingo, akaniangalia.

"Huyo ni nsya," Nyabuto akasema. "Wewe ulimwona alipokuwa ameshachoka kukungoja. Yeye alikuona tangu ulipotoka kambini. Alijilaza, akasema moyoni, huyu atapita. Hukupita. Ulitaka kumkanyaga. Sasa shuka uokote mnyororo kabla Bwana Mwakio hajafika."

Tangu siku hiyo nilimwita tata, yaani baba, ingawa hakunizidi miaka zaidi ya ishirini. Alikuwa mtu wa upande wa Keumbu, mfupi, mwenye mabega mapana, na sauti ya chini ambayo hakuipandisha hata alipokasirika. Alikuwa Msabato wa kweli. Jumamosi hata ungemwambia nyumba ya mfalme inaungua, asingeinua panga. Kabla ya kuajiriwa kufyeka alikuwa mwindaji, na wenzetu walipenda kumchokoza wakimwambia kwamba Msabato hawezi kula nyama ya porini. Yeye aliwajibu, "Nguruwe hapana. Lakini nsya anacheua, na kwato zake zimepasuka. Maandiko yamemruhusu. Mimi mwenyewe ndiye niliyejikataza."

Nilimuuliza kwa nini alijikataza. Ilikuwa mchana, tunakula viazi vitamu baridi chini ya jua. Alichuma jani la nyasi pana, akalibana kati ya vidole gumba viwili, akapuliza. Ikatoka sauti nyembamba, ya kukatika katika, kama ya mbuzi mchanga aliyebanwa mlangoni.

"Hiyo ni sauti ya mtoto wa nsya akiwa ameshikwa," akasema. "Ukiipuliza, mama yake anakuja. Hata kama si mama yake, jike yeyote mwenye mtoto anakuja. Anakuja mpaka hapa ulipokaa, akiangalia huku na huku. Mnyama mwenye woga kuliko wote, lakini kwa sauti hiyo woga wote unamtoka. Nami nilikuwa nangoja na rungu." Akalitupa lile jani. "Niliwapiga wengi. Siku moja, mke wangu alikuwa ametoka kujifungua, nikapuliza, akaja mmoja, akasimama mbele yangu. Nikashindwa kuinua mkono. Nilikwenda nyumbani bila kitu, nikamwambia mke wangu kwamba wameisha."

Ujuzi wake alinipa kidogo kidogo, na nataka niwape nanyi, hata kama kifimbo chenu hakiuhitaji.

Nsya anaishi peke yake, au dume na jike karibu karibu, na eneo lake analijua kama nyinyi mnavyojua simu zenu. Chini ya jicho ana tundu dogo linalotoa kitu cheusi kama lami. Anakisogelea kijiti kilichosimama, anaigusisha ncha yake pale taratibu, kama mwanamke anayejipaka wanja, anaacha alama. Ukiona vijiti viwili vitatu vya kimo cha goti vyenye doa jeusi linalonata nchani, ujue uko kwenye mpaka wake. Anaenda haja mahali pamoja, kwa hiyo ukikuta rundo la vidonge vidogo vyeusi, vingine vipya vingine vimepauka, ujue yeye ni mwenyeji hapo, si mpita njia. Bwana Mwakio alipoambiwa habari hizo alisema, "Basi huyu ametutangulia kazi, na hajawahi kupoteza kigingi," akanitazama mimi.

Njia yake ni nyembamba na ya chini, kama bomba lililopita ndani ya miiba. Yeye hupita chini ya kitu kuliko kukiruka. Kwa hiyo mkikwama kwenye kichaka, msitafute uwazi kwa macho mkiwa mmesimama. Lala chini, shavu kwenye udongo, utaona mlango. Nimepita vichaka ambavyo wenzangu waliapa kwamba havipitiki, nikatokea upande wa pili nikiwa na mikwaruzo ya kawaida tu. Lakini msimtegemee awaonyeshe maji, maana hanywi sana. Umande na majani vinamtosha. Siku moja nilifuata njia yake nikiwa na kiu, nikijisifu kwamba mimi sasa ni mtaalamu, nikaishia chini ya mtini ambapo tumbili walikuwa juu wakila na kuangusha, na yeye chini alikuwa akiokota. Tumbili walinitupia matunda mabovu. Nilirudi na kiu yangu vile vile.

Anakula majani machanga, maua, matunda yaliyoanguka, uyoga, hata viwavi. Na anapenda maharagwe. Hapo ndipo hadithi yangu ilipo.

Kulikuwa na mama mmoja, Mama Nyaboke, aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kwenye kipande chake. Mume wake bado alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai ya Kericho, hivyo mama huyu alitangulia na watoto wanne, Nyaboke akiwa mgongoni, bado ananyonya. Alijenga kibanda cha nyasi, akalima kwa jembe la mkono kipande kilichopakana na kichaka cha mto, akapanda maharagwe. Hakuwa na akiba nyingine ya chakula. Alikuwa akitupatia uji kila tulipopita, na uji huo ulizidi kuwa mwepesi.

Asubuhi moja aliniita. Mistari miwili ya maharagwe ilikuwa imekatwa ncha, maua na yote, safi kama kwa makasi.

"Ni mdudu gani huyu, baba?" akaniuliza.

Nilipaswa kusema sijui. Lakini nilikuwa nimejifunza kwa miezi kadhaa na hakuna aliyewahi kuniuliza kitu. Nilipiga goti, nikamwonyesha alama za kwato mbili ndogo zenye ncha. Nikamwonyesha majani yaliyolala. Nikaenda moja kwa moja mpaka ukingo wa kichaka, nikalaza shavu chini, nikamwonyesha tundu ambalo anapitia. Mama yule akanitazama kana kwamba mimi ni daktari.

"Sasa umejua mlango wake," akasema, "si umfunge?"

Nikachukua waya kutoka kwenye mizigo yetu, nikatega tanzi kwenye lile tundu, nikafunga kwenye gogo. Nilikwenda kazini nikipiga mluzi. Sikumwambia Nyabuto.

Siku ya tatu, jua likiwa ndio kwanza linapanda, Mama Nyaboke alikuja mbio kwenye mstari. Mimi na Nyabuto tulikuwa tunanoa mapanga. "Ameingia," akasema. "Njoo na panga, mimi siwezi peke yangu."

Nyabuto alinitazama, kisha akamtazama mama. Alitufuata.

Nsya alikuwa amelala ubavu, tanzi limemkamata mguu wa mbele juu ya kwato. Alikuwa amezunguka lile gogo mpaka waya ukaisha. Udongo wote ulikuwa umechimbika. Alipotuona alijirusha mara moja, waya ukamrudisha chini, akabaki kimya, jicho limefunguka kabisa. Nyabuto alivua koti lake akamfunika kichwa. "Akiwa hatuoni anatulia," akasema. "Shika miguu ya nyuma, Makori. Yote miwili pamoja. Akikupiga teke atakufungua tumbo."

Nikashika. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, si kama mnyama anayepigana, kama mgonjwa wa malaria. Nikamgeuza kidogo ili nione mguu. Hapo ndipo nilipoona kiwele. Kilikuwa kimejaa, kimebana, na kwa jinsi nilivyomgeuza, maziwa yakachirizika yakaanguka kwenye mkono wangu. Yalikuwa ya moto.

"Hajanyonyesha tangu jana," Nyabuto akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Mtoto yuko ndani humo. Kalala pale alipoachwa. Huyo hatatoka, hatalia, hatasogea hata moto ukija. Ameambiwa alale, analala."

Mama Nyaboke alisimama na panga langu mkononi. Watoto wake watatu walikuwa wametufuata na walikuwa wanaangalia ile nyama, maana kwao ilikuwa nyama, na sikuweza kuwalaumu. Uji niliokuwa nimekunywa mimi ulikuwa wa kwao.

"Nyama hiyo ni ya watoto wangu," Mama Nyaboke akasema. "Mungu ameniletea."

"Ni kweli, mama," Nyabuto akajibu. "Ni yako. Hakuna atakayekulaumu."

Yule mama akasogea karibu. Akainama kuangalia. Mtoto mgongoni mwake hakuwa analia, alikuwa amelala fofofo, lakini nikaona kifua cha gauni la mama kimelowa pande zote mbili. Akavuta leso haraka akajifunika. Akabaki ameinama, mkono mmoja umeshika leso, mwingine panga.

"Mfungueni," akasema.

"Na maharagwe, mama?" nikauliza. Mpaka leo sijui kwa nini niliuliza.

"Mfungueni kabla sijageuza nia!"

Nyabuto alikata waya. Alipangusa kidonda kwa majani, mfupa haukuwa umevunjika, kisha akaniambia nirudi nyuma, na akaondoa koti. Nsya alikaa kidogo kama asiyeamini. Halafu akainuka, akaenda kwa miguu mitatu, akaingia kwenye lile tundu. Watoto wa Mama Nyaboke wakaanza kulia, wakubwa na wadogo, na mama yao akawachukua akawapeleka nyumbani.

Nilibaki na Nyabuto na waya uliokatika. Nikamwambia, "Tata, mtego ule ni mimi niliyeutega."

"Nilijua nilipoona fundo," akasema. "Hakuna mkulima anayefunga hivyo. Hilo ni fundo la watu wa mnyororo." Kisha akaongeza, "Nilikufundisha mlango wake ili upite wewe."

Maneno hayo yalinikaa. Lakini hatukuwa na muda wa kujuta, maana mstari wetu wa siku hiyo ulikuwa unapita katikati ya kichaka kile kile. Wafyekaji kumi walikuwa wanakuja, na nyuma yao kulikuwa na moto wa kuchoma takataka. Yule nsya angerudi kwa mtoto, ndiyo, lakini asingemwendea huku watu wanapiga mapanga. Angezunguka mbali mpaka tumalize. Na mtoto angebaki amelala.

Tulimwendea Bwana Mwakio. Alikuwa anasawazisha darubini. Nyabuto alieleza yote, pamoja na mtego, ila hakusema umetegwa na nani. Nikasema mwenyewe.

"Mstari haungoji mnyama," Bwana Mwakio akasema bila kuinua kichwa. "Watu wanangoja vipande vyao. Kuna watu wamelala kwenye hema na watoto."

"Kweli, bwana," Nyabuto akasema. "Lakini aliyesema afunguliwe ni mmoja wa hao hao. Na alikuwa na njaa."

Bwana Mwakio akaacha vile vijiskrubu vyake. Akaangalia kichaka, akaangalia kibanda cha Mama Nyaboke ambako moshi ulikuwa umeanza kutoka. Akaniambia, "Makori, mstari huu una ncha mbili?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi tutaanzia ncha ile nyingine, turudi huku. Mtabeba kila kitu mpite kinamasini, maana daraja liko mbali. Darubini utaibeba wewe, kichwani, na ikilowa nitakuzika nayo. Na sitaki kusikia mtu yeyote akilalamika."

Tulilalamika sana, lakini kwa Kigusii. Kinamasi kile kilikuwa kinafika kifuani. Nyabuto alipoteza kiatu kimoja ambacho hakikupatikana tena, na kwa siku mbili alifyeka mguu mmoja una kiatu na mwingine umefungwa gunia. Wenzetu walininunia. Mmoja aliniambia kwamba yeye hakuajiriwa kuwa mkunga wa wanyama. Nilikuwa nimebeba darubini kichwani saa nzima nikiomba nisiteleze.

Siku ya tatu mstari ulifika kichakani kutoka upande wa mto. Nyabuto alisimamisha wafyekaji, akaweka panga chini, akaingia kwa magoti. Nami nikafuata. Ndani kulikuwa na kivuli na harufu ya majani yaliyooza. Tulienda hatua kwa hatua, tukigusa ardhi mbele yetu kwa mikono kama vipofu, maana mtoto wa nsya unaweza kumwekea kiganja juu kabla hujamwona. Chini ya mti ulioanguka tulikuta mahali palipolalwa, duara dogo kama kiota cha kuku, majani yamebanwa laini. Nyabuto akaweka mkono. "Baridi," akasema.

Sikuelewa kama hiyo ilikuwa habari njema au mbaya. Tukaendelea hadi ukingo wa mto. Pale kwenye tope, nyuma ya mawe, palikuwa na alama. Kwato tatu zilizozama vizuri, na ya nne imegusa tu, kwa ncha. Mama alikuwa anachechemea. Na kando yake, zikipishana na zake, alama nyingine ndogo kabisa, kila moja haizidi ukucha wangu wa kidole gumba. Zilikwenda pamoja mpaka majini.

Nyabuto alikaa chini pale pale kwenye tope na lile gunia lake mguuni. Alicheka peke yake, bila sauti, mabega yanatikisika. Mimi nilijifanya kuangalia upande mwingine.

Jumapili yake sikupumzika. Nilikwenda kwa Mama Nyaboke, nikafyeka matawi ya miiba, nikamjengea uzio kuzunguka maharagwe yaliyobaki. Mkumbuke hili: kwa nsya uzio mrefu haukusaidii kitu ikiwa chini una nafasi. Uwe mfupi, lakini uwe mnene chini, ukandamize miiba mpaka udongoni. Mama hakuniambia asante wala hakunifukuza. Jioni alinipa uji. Ulikuwa mwepesi bado, lakini aliniletea mwenyewe kibuyuni, na hiyo ilinitosha. Maharagwe aliyoyavuna hayakuwa mengi. Wale wafyekaji walionuna walimchangia viazi, na aliyeanzisha mchango ni yule aliyesema kwamba si mkunga.

Sitaki mfikiri kwamba mambo yote yalikwenda hivyo. Tulipasua vichaka vingi, na si kila mara palikuwa na mtu wa kusema ngoja. Mbwa waliwamaliza wengi. Waya uliwamaliza wengine, na moto. Mimi niliyevuta mnyororo siwezi kusema sikuwemo. Watu walihitaji ardhi, nami nilihitaji kazi, na nsya hakuwa na hati.

Miaka ikapita. Mnyororo ukaachwa, tukaletewa utepe wa chuma mwepesi, nami nikapandishwa cheo kidogo, nikawa natumwa peke yangu na wasaidizi wawili kutafuta mawe yaliyopotea. Nyabuto alikuwa amestaafu, amerudi Keumbu, akifuga nyuki. Hapo katikati ya miaka ya sabini nilitumwa Nyansiongo kutafuta jiwe la mpaka lililozama kwenye shamba la chai. Niliposoma ramani nikaona ni kipande cha Mama Nyaboke.

Sikupatambua. Chai ilikuwa imefunika kila kitu mpaka mtoni, kijani tupu, imenyooka juu kama meza. Wachumaji walikuwa kazini na vikapu mgongoni. Nilihesabu hatua kutoka barabarani, nikafika sehemu ambayo jiwe lilipaswa kuwa, nikakuta michai pale haijachumwa. Ilikuwa imerefuka kupita mingine, majani magumu, hovyo, kama nywele za mtu aliyekaa msibani. Nikamwambia msaidizi alete jembe.

Mchumaji mmoja, mama wa makamo, akanikimbilia akiwa ameweka kidole mdomoni. "Usipite hapo," akanong'ona. "Mwenye shamba amekataza. Kuna mtoto amelala."

Nikashtuka. Nikafikiri mama fulani amelaza mtoto wake kwenye kivuli cha michai. Nikavua kofia, nikanyata kurudi nyuma, nikamwashiria msaidizi anyamaze na jembe lake. Tukasimama barabarani kama watu walioingia kanisani wamechelewa. Nikanong'ona, "Ni mtoto wa nani?"

Nyuma yangu mtu akacheka. Alikuwa Mama Nyaboke, amenenepa kidogo, amejifunga leso kiunoni. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Si mtoto wa mtu," akasema. "Mama yake humlaza hapo, anaondoka, anarudi jioni. Wameingia kwenye chai siku hizi, kichaka hawana tena. Nimewaambia wachumaji waruke sehemu hiyo mpaka amhamishe."

"Na chai yako inaharibika hivi?"

"Itachipuka." Akanitazama na karatasi zangu, akatazama jembe. "Wewe umekuja kuchimba hapo?"

"Jiwe liko hapo chini, mama."

"Litakimbia?"

Nilikaa kwake. Nilimsaidia kutengeneza banda la ng'ombe, nilikula ugali wake na maharagwe, na wanawe waliokuwa wamekua wakubwa walinicheka nilipojaribu kuchuma chai. Kila asubuhi tulikwenda barabarani kuangalia, na kila asubuhi mama alitikisa kichwa. Siku ya nne aliona mtoto amehamishwa, akasema, "Sasa chimba." Jiwe lilikuwepo, futi mbili chini, halijasogea.

Ofisini Kisii waliniuliza kwa nini kazi ya siku moja ilichukua siku tano. Nilichukua kalamu, kwenye nafasi ya sababu ya kuchelewa nikaandika: mvua. Wiki ile haikunyesha hata tone.